Pancha ya tairi la nyuma: kulifungua, kuliziba na kulirudisha bila kurudia kazi

Pancha ya mbele haimsumbui mtu. Unalegeza nati mbili, gurudumu linadondokea mkononi. Ya nyuma ndiyo inayowafanya watu wakokote baiskeli kilometa tano kumtafuta fundi, kwa sababu kwenye ekseli moja pale nyuma vimefungwa karia, madigadi, stendi, cheni imepita hapohapo, na wakati mwingine breki nayo imo. Tena tairi la nyuma ndilo linalotoboka zaidi, maana mzigo wote uko juu yake: gunia la viazi kutoka Isongole, mikungu ya ndizi kutoka Kiwira, au abiria na begi lake.

Kuziba tundu lenyewe ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kujua kilichotoboa kiko wapi. Pancha iliyozibwa asubuhi ikirudi jioni, usikimbilie kuilaumu solusheni. Mara nyingi kiraka kiko salama na mwiba bado umejificha ndani ya tairi, umetoboa pembeni ya kiraka kilekile. Ndiyo maana hapa chini tundu limepewa nafasi kubwa kuliko gundi.

Anza na valvu

Baiskeli nyingi za inchi 28 zinazobeba mizigo Nyanda za Juu Kusini, na nyingi za mtumba kutoka Japani, zina valvu yenye kimpira chembamba kilichovishwa kwenye kipini chenye tundu ubavuni. Ukipiga pampu, upepo unakitanua kimpira na kupita. Upepo ukitaka kurudi, kimpira kinabana tundu. Kimpira hicho kikikauka au kikichanika, tairi linaishiwa upepo polepole usiku kucha, na asubuhi mwenye baiskeli anasema "pancha" wakati tyubu haina hata kovu.

Pima hivi: jaza upepo, zungusha gurudumu mpaka valvu iwe chini, mdomo wake ukitazama juu, kisha weka tone la mate juu ya mdomo huo. Povu likitokea, umeokoa nusu saa. Fungua nati ya duara kwa vidole, chomoa kipini, vua kimpira cha zamani na ukate kipya cha kama sentimita mbili na nusu. Kilowanishe kwa mate au maji. Usitumie mafuta, kwa kuwa yanakilainisha kimpira hadi kinaoza. Kivishe mpaka kifunike tundu la ubavuni na kufika juu ya bega la kipini, rudisha, kaza kwa vidole. Kwenye valvu kama ya pikipiki, kinachovuja ni sindano ya ndani. Wakati mwingine imelegea tu, inakazwa kwa kifuniko chenye mkato juu.

Povu lisipotokea, sasa ni pancha kweli.

Vifaa

Spana namba 15 inakubali nati nyingi za ekseli ya nyuma, lakini ijaribu kwanza kabla hujaanza kuvuta kwa nguvu, maana spana iliyolegea hata kidogo inakula kona za nati. Kwa sababu hiyohiyo spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, ibaki kuwa chaguo la mwisho. Ukiwa na spana mbili, moja kila upande, ni bora zaidi. Tafuta pia leva mbili za kung'olea tairi, msasa, solusheni, viraka, pampu, beseni la maji, kitambaa na chaki au kalamu ya wino.

Leva zisipopatikana, mipini ya vijiko vizito vya chuma inafanya kazi, mradi ncha zake ni za mviringo na hazina kutu yenye makali. Bisibisi hapana. Bisibisi inaingia vizuri, inanyanyua vizuri, na inaacha tundu jipya ambalo utaligundua baada ya kufunga kila kitu.

Je, lazima ufungue gurudumu?

Watazame mafundi wa kando ya barabara, iwe Mwanjelwa au Makambako. Wengi hawagusi nati kabisa. Wanaigeuza baiskeli miguu juu, wanashusha ukingo wa tairi upande wa kushoto ambako hakuna cheni, wanaivuta tyubu nje kama utumbo, wanaziba, wanarudisha. Kwa tundu la kawaida la mwiba njia hiyo inatosha, na kama una haraka, itumie.

Gurudumu linafunguliwa pale ambapo tyubu au tairi linabadilishwa zima, mkanda wa ringi unaofunika vichwa vya spoku umeharibika, spoku imekatika upande wa friwili (yale meno ya nyuma), au valvu imechanika kwenye shina. Lifungue pia kama pancha imekuja mara mbili au tatu mfululizo bila sababu kuonekana. Hapo unahitaji kulishika tairi mkononi na kulikagua ndani, jambo ambalo haliwezekani likiwa bado limebanwa kati ya vyuma vya fremu.

Kulitoa gurudumu

Shusha mzigo, tandika gunia, geuza baiskeli isimame kwa siti na usukani. Kengele au taa ikiwa inaguswa na ardhi, izungushe pembeni kwanza. Sasa, kabla ya kugusa nati, chukua chaki uweke alama kwenye fremu pale ekseli ilipokaa, kushoto na kulia. Alama hizo mbili zitakurahisishia kulinyoosha gurudumu wakati wa kurudisha. Baiskeli yenye vyuma vya kuvutia cheni nyuma ya ekseli ina alama yake tayari: hesabu nyuzi zilizotokeza nje ya kinati chake.

Nati zote mbili zinafunguka kwa kuzungusha kinyume cha saa, ukiwa umesimama upande wa nati husika. Hakuna iliyo kinyume. Legeza kidogo upande mmoja, hamia wa pili, rudi. Ukiifungua moja hadi mwisho huku nyingine imekaza, ekseli nzima inaweza kuzunguka na kuharibu mkao wa koni zinazoshika gololi. Nati iliyoshikwa na kutu idondoshee mafuta ya taa, subiri dakika kumi, kisha jaribu tena kwa kuvuta mara moja kwa nguvu, si kwa kutikisa.

Vitu vinavyotoka kwenye ekseli vipange juu ya kitambaa kwa mstari, kwa mpangilio uleule vilivyotoka: nati, washa, mguu wa karia, mguu wa madigadi, stendi. Upande wa kulia na mstari wake, wa kushoto na wake. Hii inaonekana ni kazi ya kitoto mpaka siku utakapobaki na washa moja mkononi na gurudumu limeshafungwa.

Breki sasa. Kwenye breki za vyuma, zile zinazokuja kwa fito kutoka kwenye usukani, raba zinaibana ringi kwa upande wa ndani, na tairi pana linaweza kukwama hapo. Legeza skrubu ya kishikizo uisogeze kando. Breki za waya za mikono miwili mirefu zinafunguka kwa kuibana mikono hiyo pamoja na kukichomoa kile kibomba cha chuma kilichopinda. Baiskeli za Kijapani nyingi zina breki iliyomo kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya nyuma, na baadhi ya za Ulaya zinashika breki kwa kurudisha pedeli nyuma. Zote hizo zina mkono wa chuma uliofungwa kwa bolti ndogo kwenye fremu. Bolti hiyo lazima itoke kabla gurudumu halijatoka. Muhimu zaidi, lazima irudi. Mkono huo ukiachwa wazi, ukifunga breki utazunguka pamoja na ekseli, na gurudumu linaweza kujifunga ghafla ukiwa mteremkoni.

Baada ya hapo tazama mdomo wa fremu unakoingia ekseli umeelekea wapi. Ukifunguka kuelekea mbele, lisukume gurudumu mbele, cheni italegea, iinue kutoka kwenye meno, gurudumu linatoka. Ukifunguka kuelekea nyuma, usianze kuvuta. Lisukume mbele kwanza ili cheni ilegee, ivue kwenye meno uitundike kwenye fremu, ndipo ulivute gurudumu nyuma. Cheni fupi isiyovuka meno hata ikilegea ina kufuli lake dogo linalobanduliwa kwa koleo. Wakati wa kurudisha, upande wa kufuli uliofungwa ndio utangulie kule cheni inakokwenda, vinginevyo litachomoka njiani. Kwa baiskeli ya gia, kabla ya kuigeuza, weka cheni kwenye gia ndogo kuliko zote za nyuma, kisha ukilitoa gurudumu uuvute nyuma ule mkono wa gia wenye vijigurudumu viwili.

Kutoa tyubu

Maliza upepo wote. Kwa valvu ya kimpira, toa kipini kabisa. Zunguka tairi zima ukilibana kwa vidole gumba, pande zote mbili, ili kingo zake ziachane na ringi na kuangukia kwenye bonde la katikati. Hatua hii wengi wanairuka, halafu wanapigana na leva hadi jasho linawatoka. Ukingo wa tairi una waya ndani na haunyooki hata kidogo. Nafasi ya kuuvusha juu ya ringi unaipata kwa kuushusha bondeni upande wa pili.

Chomeka leva ya kwanza kama kiganja kimoja kutoka kwenye valvu, ncha yake isizame zaidi ya ukingo, nyanyua, ishikilie kwenye spoku. Ya pili iweke spoku tatu mbele. Ukingo ukishavuka hapo, uliobaki unatoka kwa mkono. Shusha upande mmoja tu. Sukuma valvu ndani, vuta tyubu nje, na ukumbuke tyubu ilikaa vipi: upande gani ulikuwa wa cheni. Ukichora mshale mdogo kwa kalamu kwenye tyubu, karibu na valvu, utaushukuru baadaye kidogo.

Tundu linasema nini

Jaza tyubu mpaka inenepe karibu mara moja na nusu ya ukubwa wake wa kawaida. Ipitishe polepole karibu na shavu au mdomo. Upepo mdogo unahisiwa na ngozi yenye unyevu kabla sikio halijausikia. Usipopata, izamishe kwenye beseni kipande kwa kipande, ukiinyoosha kidogo kwa mikono. Mapovu yakitoka, kausha, zungushia alama kubwa kuliko kiraka ili isifutike utakapopiga msasa. Kisha endelea hadi umalize duara zima. Mbigili haina desturi ya kutoboa mara moja.

Sasa lisome lile tundu, kwa sababu mahali lilipo na umbo lake ndivyo vinavyokuambia ukatafute wapi.

Tundu moja dogo upande wa nje, unaogusa tairi, ni mwiba, msumari au waya. Ukiwa umetoka Usangu, njia za Chimala na Ubaruku, au umeshuka Isimani na Pawaga kule Iringa, mshuku mgunga au mbigili. Ukiwa unaendesha kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, mshuku waya. Malori yanapopasua matairi, nyuzi za chuma zilizomo ndani ya mpira hutawanyika pembeni ya lami, pale pale baiskeli zinapopita. Ni nyembamba kama unywele mgumu. Unaingia, unavunjika, kwa nje huoni kitu, na kwa ndani umetokeza milimita moja tu. Tairi likibonyea kwa mzigo unatokeza na kuchoma. Ukilishika tairi mkononi halina mzigo, unarudi ndani. Hapa ndipo pancha za "uchawi" zinapozaliwa.

Matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama meno ya nyoka, hayana mwiba wa kutafuta. Ringi yenyewe ndiyo iliyong'ata. Upepo ulikuwa mdogo, gurudumu likagonga jiwe au ukingo wa lami, tyubu ikabanwa kati ya jiwe na chuma. Ziba yote mawili, kwa kiraka kimoja kama yamekaribiana, halafu jaza upepo wa kutosha.

Tundu likiwa upande wa ndani, unaotazama ringi, acha kulikagua tairi, kagua ringi. Ama mkanda wa ringi umehama na kuacha vichwa vya spoku wazi, ama spoku moja imetokeza kupita nipeli yake, kile kinati kinachoishika kwenye ringi. Ncha iliyotokeza ipigwe tupa mpaka ilingane. Mkanda mpya unaukata kwenye tyubu ya zamani: duara zima, upana wa sentimita mbili, na tundu la valvu katikati. Ukifunga tyubu juu ya spoku iliyotokeza, pancha hiyo utaiziba tena kabla ya wiki kwisha.

Shina la valvu likichanika, tazama valvu ilikuwa imesimama au imelala. Ikiwa imelala, tairi limekuwa likitembea juu ya ringi kwa upungufu wa upepo, likiivuta tyubu pamoja nalo, hasa ukifunga breki na mzigo nyuma. Hakuna kiraka kinachoshika pale. Nunua tyubu. Vilevile mpasuko mrefu uliotokea kwa kishindo hauzibiki. Tyubu ilikuwa imebanwa chini ya ukingo wa tairi.

Ukishajua aina ya tundu, ilaze tyubu juu ya tairi valvu ikiwa mkabala na tundu lake kwenye ringi, upande uleule ilivyokuwa. Mshale wako una kazi sasa. Alama ya tundu inakuonyesha sehemu ya tairi ya kukagua, haizidi urefu wa kidole. Bila mshale unakagua sehemu mbili, kushoto na kulia mwa valvu. Wenye uzoefu hufunga tairi siku zote maandishi yake ya ubavuni yakiwa mkabala na valvu, ili hata tairi likitoka kwenye ringi ujue lilikaaje.

Kagua kwa nje kwanza, ukilikunja tairi ili mikato ifunguke. Kisha ndani, kwa pamba au kitambaa chepesi, ukikipitisha pande zote mbili za mzunguko: waya uliolala unakamata nyuzi ukienda huku na kukuacha ukienda kule. Vidole vipite baada ya pamba, taratibu, maana mwiba wa mgunga haujui kama wewe ni fundi. Kilichopatikana kitoe kwa koleo, kwa upande kilikoingilia. Maliza mzunguko wote wa tairi hata kama umeshapata kimoja.

Mkato mkubwa kwenye tairi, unaopitisha ncha ya kidole, utaitoa tyubu nje kama uvimbe. Kata kipande cha ubavu wa tairi chakavu, sentimita tano au sita, nyembesha kingo zake kwa wembe, kiweke ndani kati ya tairi na tyubu. Ni suluhisho la kukufikisha nyumbani na la wiki kadhaa, si la kubebea magunia mwaka mzima.

Kiraka

Kiraka kipite tundu kwa sentimita moja kila upande, yaani duara la sentimita mbili na nusu kwa tundu la kawaida. Viraka vya dukani vina upande wenye karatasi unaobanduliwa wakati wa kubandika tu. Kiraka cha kukata kwenye tyubu chakavu nacho kinashika vizuri, ila kata pembe ziwe za mviringo, maana pembe kali ndiyo inayoanza kubanduka, na usikate kwenye tyubu ya pikipiki: ni nene, haijikunji pamoja na tyubu nyembamba ya baiskeli.

Piga msasa eneo kubwa kuliko kiraka mpaka weusi unaong'aa uwe wa kijivu. Ule mstari ulioinuka unaozunguka tyubu, uliotoka kiwandani, usage mpaka ulale kabisa, maana ukiuacha upepo unapita chini ya kiraka kama maji kwenye mtaro. Kiraka cha kukata nacho kipigwe msasa. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, na kuanzia hapo usiguse kwa vidole. Watu wengine husafisha kwa petroli. Petroli inaacha mafuta na kuvimbisha mpira, iache.

Paka solusheni nyembamba, ieneze kupita ukubwa wa kiraka. Kiraka cha kukata kinapakwa pia. Kisha subiri. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanadhani ni gundi ya kubandika ikiwa mbichi. Sivyo. Kimiminika kilichomo lazima kiruke chote. Kikibaki chini ya kiraka, kiraka kinateleza na kubanduka tairi likipata joto. Juani Kyela au Rujewa dakika tano zinatosha. Asubuhi ya Juni au Julai Njombe, Mafinga au Uyole, na ukungu haujaondoka, hesabu kumi au zaidi, na usiharakishe kwa jiko wala kiberiti: mvuke wa solusheni unawaka. Gusa ukingoni kwa mgongo wa kidole. Ikinata bila kuacha uzi, na mng'ao wake umefifia, iko tayari.

Bandika mara moja, kwa sababu hakuna kusogeza. Kandamiza kutoka katikati kwenda kingoni, kisha sugua kwa nguvu kwa mpini wa spana tyubu ikiwa juu ya kitu kigumu. Ukingo wowote unaonyanyuka ni dalili ya gundi mbichi au uchafu. Bandua, rudia mwanzo. Nyunyiza poda au unga wa chaki juu yake ili gundi ya pembeni isiishike tairi. Gundi za papo hapo za kubandikia viatu na plastiki zinakauka kama kioo na kupasuka tyubu ikijikunja, hazifai hapa.

Kurudisha tairi

Jaza tyubu upepo kidogo, ipate umbo tu. Ingiza valvu kwanza, kisha tyubu yote, bila kukunjamana. Anza kurudisha ukingo wa tairi upande ulio mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu, kwa vidole gumba. Pale kwenye valvu ukingo hauwezi kuzama bondeni, kwa hiyo ukimalizia hapo sehemu nyingine zote zimeshazama na kukupa nafasi. Sentimita za mwisho zikigoma, usichukue leva. Rudi upande wa pili, bana ukingo uzame bondeni, endelea.

Kabla ya pampu, sukuma valvu juu kuelekea ndani ya tairi kisha iachie, ili sehemu nene ya tyubu isibanwe pale. Zunguka gurudumu lote ukilisogeza tairi pembeni na kuchungulia, kushoto na kulia. Ukiona weusi wa tyubu ukichungulia kati ya tairi na ringi, umejiokoa na mlipuko. Jaza nusu, zungusha, tazama ule mstari mwembamba wa tairi ulio karibu na ringi: uwe na umbali sawa pande zote. Ulipozama, punguza upepo, vuta tairi kwa mikono, jaza tena.

Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Matairi mengi ya inchi 28 ya kubebea mizigo yanataka kati ya paundi 40 na 60, na gunia likiwa nyuma lenga juu badala ya chini. Na kama umezoea kuhesabu mipigo ya pampu Dar es Salaam, ongeza: Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kila mpigo unabeba kidogo. Palipotosha mipigo 40 pwani, hapa inakaribia 50. Pampu yako si mbovu.

Kurudisha gurudumu

Cheni ipande kwenye meno kwanza, ndipo ekseli iingie kwenye midomo ya fremu. Rudisha miguu ya karia, madigadi na stendi kwa mpangilio ulioupanga kwenye kitambaa, washa zikae nje, chini ya nati. Fuata alama za chaki. Kwa baiskeli isiyo na gia, vuta gurudumu nyuma mpaka cheni, ukiibonyeza katikati, icheze juu na chini kama sentimita moja hadi moja na nusu. Zungusha pedeli mzunguko mzima ukipima, kwa kuwa meno hayakai duara kamili na kuna mahali cheni hukaza zaidi. Pimia hapo panapokaza zaidi: hata hapo cheni icheze kiasi hicho. Cheni iliyokaza kupita kiasi inakula gololi za habu na za ekseli ya pedeli. Iliyolegea mno inaruka mlimani.

Kaza nati ya kulia kidogo, sogeza gurudumu mpaka nafasi kati ya tairi na vyuma vya fremu ilingane pande zote mbili, kaza ya kushoto, rudi kulia. Nguvu ni ya mkono mmoja kamili kwenye spana ya kawaida, bila kurefusha mpini kwa bomba. Ukikaza nusu nusu, mlima wa kwanza utalivuta gurudumu upande wa kushoto, tairi litaanza kusugua fremu, na utadhani ni mzigo umezidi.

Rudisha breki, na bolti ya mkono wa habu kama ipo. Raba ziguse ringi, zisiguse tairi. Raba inayogusa tairi inalichana ndani ya siku chache na kukuletea pancha isiyo na mwiba wala waya. Geuza baiskeli, kaa juu yake, bana breki ukiisukuma mbele. Zunguka uwanja mara mbili bila mzigo. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo kaza tena nati zote mbili, kwa sababu rangi na kutu vilivyobanwa chini ya washa hujipanga upya na kuacha nafasi.

Kesho asubuhi bonyeza tairi kwa kidole gumba kabla ya kufunga gunia. Likiwa limelegea, weka tone la mate kwenye valvu kabla hujaigusa spana.